Kontere ni ya nani? Deni langu kwa mama wa Sake



Kuna swali moja ambalo watu wananiuliza kila mara kuhusu umeme. Kontere ikiharibika, nani anapaswa kuitengeneza? Wengine wanaiita mita, wengine Cash Power, lakini swali ni lile lile. Ni mpangaji? Ni mwenye nyumba? Ni kompani? Nimekawia kulijibu hapa kwa sababu jibu langu linaanzia kwenye kosa nililolifanya mwenyewe. Leo nitalieleza lote.

Ilikuwa mwaka 2024, hapa Goma, komine ya Karisimbi. Parseli yetu ina nyumba moja ya matofali mbele, ambayo mimi na familia yangu tunapanga. Nyuma kuna vyumba vinne vya mbao na mabati, vimejengwa juu ya mawe ya volkano kama nyumba nyingi za huku. Mwenye nyumba ni mzee anayeishi Butembo. Tulikuwa milango mitano na kontere moja, imefungwa ukutani kwangu, chini ya baraza.

Kwa sababu nilikuwa nimekaa pale miaka mingi kuliko wengine, mzee aliniachia kazi ya kukusanya pesa za umeme. Kila mwezi kila mlango ulitoa kiasi kile kile. Mimi nanunua, napewa zile tarakimu 20, nazibonyeza, na ampuli zinawaka. Niliona ni haki kabisa: milango mitano, mafungu matano.

Mwezi wa pili wa mwaka huo, vita ilipokaribia Sake, watu wengi sana walikimbilia Goma. Kati yao alikuwa mama mmoja na watoto wanne. Alipita kwanza kambini, halafu ndugu yake akamlipia chumba cha mwisho cha parseli yetu, kile kilicho karibu na jiko. Alikuja na magodoro mawili, sufuria na mfuko wa nguo. Kwa upande wa umeme alikuwa na ampuli moja na chaja ya simu. Nilipomwambia kiasi cha kutoa kila mwezi hakuuliza kitu. Alitoa.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipotoka, kontere ilikuwa inafuka moshi upande wa chini, pale waya zinapoingia. Kisha giza. Wote tulitoka nje na simu za kumulikia. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, nyeusi. Mtu mmoja akasema, "Tangu wakimbizi waingie hapa, moto unatumika kupita kiasi." Hakuna aliyembishia. Hata mimi sikumbishia.

Mama wa Sake alikuwa amesimama mlangoni kwake na mtoto mgongoni. Akaniambia, "Papa, mimi niko na ampuli moja tu."

Nilimsikia. Sikumjibu.

Kesho yake nilipiga simu kwa kompani yetu ya umeme, ambayo sitaitaja jina. Hawakupokea. Nikaenda kwenye biro lao. Waliniambia watatuma ajenti, lakini hawakuandika kitu wala sikuwaomba waandike. Siku nne zikapita. Kijana kinyozi anayekaa chumba cha pili alikuwa anapoteza wateja. Mama wa mapacha, ambaye anauza vinywaji baridi, frigo yake ilikuwa kabati tu. Ndipo akatokea fundi mmoja, amevaa shati lenye maandishi ya umeme. Akasema, "Dola 60. Leo naweka waya ya moja kwa moja, kontere mpya itafuata." Sikumwomba kadi ya kazi. Sikumwomba resi. Nilitaka tu mambo yaishe.

Nikapiga hesabu: 60 kwa milango mitano, kila mlango dola 12. Mama wa Sake aliniomba alipe kidogo kidogo. Nilimwambia fundi hawezi kungoja, na kwamba wote tunatoa sawa. Jioni aliniletea franka zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Baadaye nilisikia kwa majirani kwamba aliuza kikwembe chake kipya, kimoja alichokuwa amekitunza tangu Sake.

Tulikaa na umeme wa moja kwa moja wiki tatu. Nakiri kwamba tuliufurahia, kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu.

Siku moja ya mvua, mtoto wake mdogo, wa miaka kama sita, alishika bati la jiko. Waya ya yule fundi ilikuwa imepitishwa chini ya lile bati na ngozi yake imekwanguka. Mtoto alikwama pale, hawezi kulia wala kuachia. Mama wa mapacha ndiye aliyekuwa na akili: hakumgusa kwa mkono, alichukua mti mkavu wa fagio akampiga mkono mpaka ukaachia. Tukamkimbiza kituo cha afya. Alipona. Kiganja chake kina alama mpaka leo.

Jioni hiyo hiyo nilipiga tena kompani, na safari hii nilisema neno ambalo linawaleta haraka: mtoto amepigwa na umeme. Walikuja asubuhi. Wakaona waya ya moja kwa moja, wakaandika kwamba ni frodi, na tukapewa amandi. Mimi nilikasirika. Nilisema wao ndio waliotuacha siku nne gizani. Ajenti mmoja, mtu mzima, aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akaomba kuona ile kontere iliyoungua.

Aliigeuza, akachukua turnevisi, akanionyesha mahali waya inapofungwa. Visi ya pale haikuwa imekazwa vizuri tangu siku ilipofungwa. Waya ikilegea, alisema, inapata joto pale pale, na joto linazidi kila mara umeme mwingi unapopita. Inaweza kuchukua miezi au miaka, lakini mwishowe inayeyusha plastiki. Halafu akauliza, "Nani hapa anapika na umeme?"

Kimya. Resho ya umeme ilikuwa kwangu. Wakati huo makala yalikuwa ghali kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa na vita, na sisi tulikuwa tunapika na resho asubuhi na jioni.

Akageuza ile karatasi ya amandi, akaandika hesabu nyuma yake. Nimeitunza, na ninawapa kwa sababu inaweza kuwasaidia. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Resho ya wati 1000 ikiwaka saa mbili kwa siku inakula uniti mbili, na kwa mwezi uniti 60. Frigo ndogo inaweza kula karibu uniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Sasa ampuli ya kisasa ya wati 9, ikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi mzima haifikishi uniti moja na nusu. Ongeza chaja ya simu, bado hufiki mbili.

Kwa hiyo mama wa Sake alikuwa anakula chini ya uniti mbili. Mimi, kwa resho peke yake, 60. Na kila mwezi tulikuwa tunatoa pesa sawa. Kwa maneno mengine, mkimbizi aliyelala na watoto wanne kwenye magodoro mawili alikuwa ananisaidia mimi kupika maharagwe yangu. Na kontere ilipoungua, yeye ndiye tuliyemtazama.

Baada ya hapo nilimwomba mzee wa Butembo apige picha ya mkataba wake na kompani, anitumie. Miaka yote hiyo sikuwa nimeusoma. Uko kwa Kifaransa na herufi ndogo, lakini maana yake haikuwa ngumu. Kontere inabaki mali ya kompani. Wao wanaifunga, wanaipiga sili, wanaikagua, na ikizeeka au ikiharibika yenyewe wao wanaibadilisha. Kinachotoka kwenye kontere kuingia nyumbani ni mzigo wa mwenye nyumba. Anayetumia umeme analipa alichotumia, haifungui kontere, haivunji sili, na akiona hatari anatoa habari. Akiivunja mwenyewe, hapo ndipo anailipa. Huo ndio mkataba wetu. Mkataba wa kwenu someni wenyewe, kwa sababu siku hizi kompani haziko moja.

Hilo nalo ni jambo la kujua. Zamani SNEL, iliyoundwa mwaka 1970, ilikuwa karibu peke yake katika kazi ya umeme nchini. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa kompani zingine. Ndiyo maana hapa Goma, mbali na SNEL ambayo umeme wake unatoka Ruzizi, kuna Virunga Energies yenye kituo cha Matebe huko Rutshuru, kuna Nuru inayotumia jua, na kuna Socodee. Sheria hiyo hiyo ilitaka iwepo mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme, inayoitwa ARE, ambayo kazi yake ni pamoja na kulinda haki za watumiaji. Kwa hiyo raia si mtu wa kuomba huruma kwenye dirisha la kompani. Ana haki iliyoandikwa.

Lakini kwa nini hatuijui? Nadhani ni kwa sababu tumezoea kubeba mizigo isiyo yetu. Katika miji mingi ya Kongo, watu wa avenyu moja wanachanga pesa kununua nguzo, wananunua waya, wakati mwingine hata transfo ikiungua wanachanga. Baada ya kuchanga hivyo miaka yote, mtu anaona kontere nayo ni kitu cha kuchangia. Wengine wananiambia, "Lakini mimi niliilipia siku ya kuunganishwa." Mara nyingi ulicholipia ni kuunganishwa, si kununua ile mashine. Angalia kwenye resi yako kumeandikwa nini. 

Na mzigo ukishakosa mwenyewe, unashuka. Kompani inamwachia mwenye nyumba, mwenye nyumba anamwachia mpangaji wa zamani, na mpangaji wa zamani, yaani mimi, anamwachia aliyefika jana. Aliyefika jana hana wa kumwachia. Hajui biro liko wapi, anaogopa kufukuzwa chumbani, na neno "mkimbizi" linatosha kumfanya anyamaze.

Nieleze namna yetu ilivyokwisha, ili msidhani ilikuwa rahisi. Amandi tulilipa. Ile ilikuwa haki yao, kwa sababu waya ya moja kwa moja tuliiweka sisi, na nusu yake niliitoa mimi. Kontere, niliandika barua kwa kopi mbili, nikapeleka, nikakataa kuondoka mpaka wakapiga muhuri kwenye kopi yangu. Ndani niliweka namba ya kontere, tarehe iliyoungua, picha, na maneno ya ajenti wao kuhusu visi. Ilichukua barua mbili na wiki sita. Mwishowe walikuja wakafunga nyingine, na hatukulipa hata franka moja. Kuhusu waya za ndani, mzee wa Butembo alisema kwanza kwamba haimhusu. Nilimwambia, "Mzee, kwa heshima yote, mkataba una jina lako, na mtoto wa watu alikuwa karibu kufa kwenye mabati yako." Alinyamaza siku mbili. Kisha akakubali tukate kwenye pesa za nyumba. Fundi wa kweli alikuja, akaweka swichi za kukata umeme kwa kila mlango, na akatoa waya zote kwenye mabati. Kila mlango sasa una kontere yake ndogo ya kuhesabu, na kila mtu analipa alichokula. Resho yangu inanigharimu. Ni haki.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, nasema hivi. Wewe uliyetoka kukimbia vita na umepata chumba: siku ya kwanza, muulize mwenye nyumba umeme unagawanywa namna gani, na utaje vitu ulivyonavyo. Ampuli moja haiwezi kulipa kama frigo. Usikubali kutoa pesa ya kontere kabla ya kujua iliharibika namna gani na nani amesema hivyo. Ukitoa, omba karatasi hata ya mkono. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukishika ukuta au bomba ukahisi umeme, ondoa watoto, kata swichi kubwa kama unaweza kuifikia bila hatari, na uite watu. Mtu akikwama kwenye umeme usimshike.

Wewe mwenye nyumba: waya za ndani ni zako, hata kama hukai pale. Nyumba za mbao zinaungua haraka, na moto hauulizi nani ni mpangaji.

Na wewe uliye kama mimi, unayekusanya pesa za wenzako: hesabu kwanza, halafu ndipo uombe. Kama huwezi kuhesabu, kaa na viongozi wa nyumba kumi mhesabu pamoja.

Kompani nazo nina neno moja nazo. Mngepokea simu siku ya kwanza, yule fundi wa shati asingepata nafasi. Siku nne za giza ndizo zinazozaa waya za moja kwa moja.

Sasa nirudi kwenye deni langu. Baada ya ile hesabu ya ajenti, nilijua kwamba zile dola 12 za mama wa Sake hazikuwa halali. Nilimrudishia saba. Tano nikamwambia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita, na mwingine. Mnajua maisha. Kisha ikaja vita ya mwezi wa kwanza 2025, mji ukakaa siku bila maji na bila umeme, mabanki yakafungwa, na kila mtu alikuwa anatafuta unga. Mwezi wa pili, kambi za pembeni mwa mji zilipovunjwa na watu kuanza kurudi, yeye naye alifunga magodoro yake akarudi Sake. Siku aliyoondoka sikuwepo. Aliacha salamu kwa mke wangu. Hakutaja deni.

Ilinichukua miezi kupata namba yake. Nilimtumia zile tano kwa simu, na kidogo juu yake, kisha nikampigia. Aliniambia nyumba yake haikuwa na madirisha tena, lakini walikuwa wanalima. Mtoto mkono wake umepona, anaandika. Nilimweleza habari ya visi na ya resho, polepole, na nikamwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Papa, na wale wengine uliwaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Niliwaeleza wenzangu hesabu mpya, nikawaeleza barua na mkataba, lakini ile jioni ya moshi, na lile neno kuhusu wakimbizi ambalo sote tulilikubali kwa kunyamaza, sikulirudia kamwe. Mwalimu wa chumba cha tatu alishahama. Kinyozi naye yuko Uganda. Wanaweza kuwa bado wanaamini kwamba ni yule mama.

Basi kama mnasoma hapa, au mtu anawasomea, jueni: si mama wa Sake aliyeunguza kontere yetu. Visi ilikuwa ya kompani, na resho ilikuwa yangu.